Ndugu Mbele ya Kamati: Mwongozo wa Waendao India kutoka Likoni

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni msemo wa watu waliozoea kupokea, na kwa hakika pwani ya Mombasa imepokea wageni kwa karne nyingi, wakiwamo wale waliotoka Bara Hindi kwa majahazi na, baadaye, kwa meli za abiria zilizokuwa zikienda na kurudi baina ya Bombay na Kilindini hadi miaka ya 1970. Siku hizi msemo huo umegeuka kichwa chini miguu juu. Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ndio waendao India, na aghalabu waendapo ni kwa ajili ya figo, moyo, saratani au uti wa mgongo. Mgeni ndiye atafutaye kupona.

Vitabu vya kuwaongoza wageni wa India si haba, navyo vimejaa picha za Taj Mahal na ngamia wa Rajasthan. Havimfai mama wa Mtopanga ambaye nauli yake imechangwa na majirani, msikiti na chama cha akina mama, na ambaye anakwenda kukaa miezi miwili kando ya kitanda cha mtu mwingine. Mama huyo hahitaji kujua kasri ilijengwa mwaka gani. Anahitaji kujua atalala wapi, atakula nini, atamwitaje muuguzi, na asaini nini bila kusita na nini asisaini kabla ya kuuliza. Mwongozo wa namna hiyo haujachapishwa. Umo vinywani mwa waliotangulia, nao hutolewa barazani, juu ya mkeka, baada ya swala ya alasiri.

Mmoja wa wenye mwongozo huo ni mwalimu mstaafu wa Mtongwe, huko Likoni. Mnamo mwaka 2018 alimsindikiza mwanawe hadi Chennai kupandikizwa figo, wakakaa huko karibu miezi minne. Tangu arudi, watu humjia na mafaili yao mapajani. Wengine hawamjui hata kwa jina. Wameambiwa tu wavuke feri, wapande matatu, waulize kwa Mwalimu. Kwa mkaazi wa Likoni neno ng'ambo huanzia pale pale kwenye kivuko, maana kisiwa chenyewe ni ng'ambo. Pengine ndiyo sababu Mwalimu huizungumzia India kana kwamba ni kivuko kirefu kidogo tu.

Habari za karatasi huzipitia upesi. Mgonjwa huomba viza ya matibabu, na wasindikizaji wasiozidi wawili huomba viza ya wasindikizaji. Zote hutegemea barua ya hospitali itakayompokea mgonjwa. Maombi hufanywa kwa intaneti, na mwenye shida ana pa kuuliza kwa kuwa India ina ubalozi mdogo mjini Mombasa. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa atokaye Kenya, na cheti chake huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya sindano. Kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejitafutia karantini. Nyumba ya wageni itataka pasipoti siku ya kwanza, kwa kuwa sheria huitaka iripoti kila mgeni wa kigeni katika muda wa saa 24; msindikizaji asidhani anashukiwa. Fedha taslimu zinazozidi dola 5,000 za Marekani sharti zitangazwe kwa maofisa wa forodha zikiingizwa. Hili Mwalimu hulirudia mara mbili, kwa sababu fedha za harambee aghalabu husafiri zikiwa zimefungwa kiunoni.

Kuhusu saa hutumia muda zaidi. India imeitangulia Kenya kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo iwapotezayo watu. Saa moja ya usiku Likoni ni saa tatu na nusu Chennai, mgonjwa amekwisha kulala. Daktari apitapo wodini saa mbili asubuhi, Mtongwe ndio kwanza watu wanatoka msikitini alfajiri. Jamaa waliobaki nyumbani hupiga simu wakati wao wenyewe wamepata nafasi, wakamwamsha mgonjwa, kisha wakalalamika kwamba sauti yake imedhoofika.

Fedha nazo zina mitego yake. Rupia moja huzidi shilingi moja ya Kenya, lakini si hapo penye tatizo. Tatizo liko katika neno ambalo Mswahili hudhani analijua. Laki ni laki huko na huku, yaani 100,000. Ila Wahindi huandika koma kwa kuifuata laki hiyo, hivi kwamba hati ya malipo ya laki nne na nusu husomeka 4,50,000. Mtu aliyezoea koma kila baada ya tarakimu tatu huitazama namba hiyo asijue kama ni elfu arubaini na tano au milioni nne. Aidha, tangu mwaka 2016 Wahindi wengi wamezoea kulipana kwa simu, hata kwa muuza ndizi, kwa mfumo wao ambao si M-Pesa. Msindikizaji abebe noti ndogo. Na asirudi nyumbani na noti kubwa kuwa kumbukumbu. Mwalimu alirudi na noti tatu za rupia 2,000 ili zimfae mtu mwingine atakayesafiri. Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu ya India ikatangaza kuziondoa katika mzunguko, na sasa zimo ndani ya Biblia ya jirani yake, alizompa mwanawe apambie kurasa.

Chakula hakiwapi watu wa pwani taabu kubwa, licha ya malalamiko yao. Chapati, pilau, biriani, bajia na achari walizaliwa wakavikuta, na chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki ni ile ile, ila vikombe ni vidogo. Kula kwa mkono wa kulia hakuhitaji mafunzo. Kinachohitaji tahadhari ni kwamba mikahawa mingi haipiki nyama kabisa, na vyakula vya pakiti hutiwa alama: nukta ya kijani kwa kisicho na nyama, alama ya rangi ya udongo kwa chenye nyama. Nyama ya ng'ombe isiulizwe ovyo. Katika sehemu nyingi za nchi hiyo kuchinja ng'ombe kumezuiwa kwa sheria, na swali lenyewe huweza kumuudhi mwenyeji. Mwislamu atafutaye nyama ya halali huelekezwa kwenye mitaa iliyo karibu na misikiti. Tuktuk ya Likoni huko huitwa oto, na bei yake, kama huku, hupatanwa kabla ya kuketi.

Sasa lugha, ambayo ndiyo itakayowagusa zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Msindikizaji afikaye Mumbai au Delhi, wasemako Kihindi, hushtuka kusikia maneno ya nyumbani yakipita hewani. Gari, dobi, laki na rupia yalitujia kwa mkono wa Wahindi wenyewe. Mengine Wahindi na Waswahili waliyapokea kila mmoja kwa njia yake kutoka Kiarabu na Kiajemi: dunia, hesabu, sababu, wakati, lakini, subira. Dawa ni dawa, dua ni dua, na Wahindi na Waurdu huyaoanisha maneno hayo mawili kama Waswahili wayaoanishavyo. Mgonjwa wa Kisauni aliyelala katika wodi ya Mumbai akimsikia mama wa kitanda cha pili akitaja dawa na dua kwa pumzi moja huhitaji mkalimani wa nini?

Hata hivyo, maneno yafananayo si ndugu wote. Chini kwa Kihindi ni sukari, na mtu wa Changamwe aliyewaambia wauguzi, kwa ishara na kwa Kiswahili, kwamba maumivu yako chini, aliletewa kipimo cha sukari ya damu. Nani ni bibi mzaa mama. Husimuliwa juu ya msindikizaji aliyebishiwa mlango wa chumba cha kupanga akauliza kwa sauti, "Nani?", na mtoto aliyekuwa nje akamjibu kwa furaha kisha akakimbia kumleta nyanya yake. Kubwa zaidi ni majina ya jamaa, ambayo yamebadilishana viti. Kaka wa Mswahili ni ndugu wa kiume. Kaka wa Kihindi na wa Kigujarati ni ami, ndugu wa baba. Dada wa Mswahili ni wa kike. Dada wa Kihindi ni babu mzaa baba, mwenye mvi na mkongojo. Na mama, neno ambalo kila mtoto wa pwani hulitanguliza kabla ya meno, kwa Kihindi na kwa Kitamili pia ni mjomba.

Lakini mantiki iliyo nyuma ya maneno hayo ni moja, na hapa Mwalimu husisitiza. Huko, kama huku, mtu usiyemjua hafai kuitwa kwa jina tupu wala kwa kupigiwa makofi. Wasemao Kihindi humwita dereva bhaiya na muuza mboga didi, yaani ndugu wa kiume na dada. Chennai hawasemi Kihindi bali Kitamili, nao humwita mwanamume anna, mwanamke akka, na mama mtu mzima amma. Msindikizaji ajifunze hayo matatu kabla ya kujifunza neno lolote la kuomba. Mwalimu alipomwita mfagiaji wa wodi akka kwa mara ya kwanza, yule mama aliweka ufagio chini akamtazama, na tangu siku hiyo maji ya moto hayakukosekana asubuhi. Fauka ya hayo, mgeni asifadhaike akijibiwa kwa kichwa kinachoyumba huku na huku. Si kukataa, ni kukubali, au angalau kuonyesha kwamba amesikilizwa.

Majina hayo ya jamaa ndiyo yaliyotaka kumgharimu Mwalimu mwanawe.

Mtoaji wa figo alikuwa kijana wa dada yake mkubwa. Dada huyo alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Mwalimu akamchukua, akamlea pamoja na mwanawe katika nyumba moja, sahani moja, kitanda kimoja. Kwa Kiswahili hapana utata wowote. Watoto wa mama mkubwa na wa mama mdogo ni ndugu. Binamu ni watoto wa mjomba na wa shangazi. Kijana alimwita Mwalimu mama kwa sababu ndivyo mama mdogo aitwavyo, na mgonjwa alimwita mwenzake kaka. Walipokwenda kuapa hati mjini Mombasa, wakili aliuliza uhusiano wao, wakajibu kweli tupu: ni ndugu. Wakili akaiandika kweli hiyo kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ikawa uongo.

India ina sheria ya upandikizaji wa viungo vya binadamu iliyopitishwa mwaka 1994, na madhumuni yake makubwa ni kuzuia biashara ya viungo. Sheria hiyo humtaja jamaa wa karibu mmoja mmoja: mume au mke, mwana, binti, baba, mama, ndugu wa kiume, ndugu wa kike, na, tangu marekebisho ya mwaka 2011, babu, bibi na wajukuu. Mtoto wa mama mkubwa hayumo. Asiye katika orodha hakatazwi moja kwa moja kutoa figo, ila sharti kamati ya uidhinishaji iridhike kwamba anatoa kwa mapenzi na kwamba hapana fedha iliyopita mkononi. Wageni wa kigeni hufika mbele ya kamati hata wakiwa jamaa wa karibu, na ubalozi wa nchi yao huthibitisha uhusiano wao kwa barua. Mahojiano hurekodiwa kwa video.

Kamati ilikuwa na hati ya kiapo isemayo hawa ni watoto wa tumbo moja. Ilikuwa pia na vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye majina ya mama wawili. Wakamuuliza kijana, "Mama huyu ni nani wako?" Akajibu kwa Kiingereza cha shule kwamba ni mama yake. Wakamwonyesha cheti. Akasema huyo naye ni mama yake. Wakamuuliza amelipwa kiasi gani.

Mwalimu huliacha swali hilo likae kidogo barazani kabla ya kuendelea. Kwa miaka 30 alikuwa amefundisha Kiswahili darasani, akiwaeleza watoto wa darasa la sita tofauti ya ndugu na binamu, na sasa mwanawe alikuwa akingoja mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki ilhali yeye hana neno moja la Kiingereza litoshalo kusema kwamba mtu anaweza kuwa na mama wawili na asiwe mwongo.

Aliyewaokoa, kwa kiasi, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali, Mtamili, aliyekuwa ameketi kando na faili. Alimgeukia Mwalimu akamuuliza kwa utaratibu kama marehemu alikuwa dada yake mkubwa. Alipoitikiwa, akaiambia kamati neno moja: periyamma. Maana yake, neno kwa neno, ni mama mkubwa. Kitamili kina mama mkubwa na mama mdogo kama Kiswahili, na watoto wao huitana kaka na mdogo wangu, si binamu. Watoto wa mjomba na shangazi ndio walio na jina la mbali. Wajumbe walikuwa Watamili. Kila mmoja wao alikuwa na periyamma wake, na yamkini alilelewa naye likizo za shule. Watu wa mataifa mawili yenye hesabu moja ya undugu walikuwa wamekaa nusu saa wakishukiana, kwa kuwa kila upande ulikuwa umeivua hesabu hiyo mlangoni ili uzungumze Kiingereza.

Kuelewa, hata hivyo, si kuidhinisha. Sheria haikuandikwa kwa Kitamili, na hati ya kiapo yenye kosa haisahihishwi kwa tabasamu. Faili lilirudishwa. Ikabidi waape upya wakiwa si jamaa wa karibu, walete cheti cha kifo cha marehemu, barua ya shule ya msingi ionyeshayo nani alikuwa mzazi mlezi, picha za utotoni, na barua mpya ya ubalozi kutoka New Delhi. Jamaa mmoja alipekua kabati Mtongwe kwa siku mbili, akazipata picha za Idi za miaka mingi: watoto wawili, kanzu mbili za kitambaa kimoja, kila mwaka ndefu zaidi. Majuma sita yakapita, na kodi ya chumba, na damu kusafishwa mara 18, vyote vikilipwa kwa fedha zilizokusudiwa dawa za mwaka wa kwanza. Kamati iliidhinisha katika kikao cha pili. Mgonjwa yu hai na anafanya kazi Changamwe. Mtoaji ana kovu ubavuni na hapendi lizungumzwe.

Kwa hiyo mtu ajapo barazani na faili la figo, Mwalimu haanzi na viza wala chanjo. Huomba karatasi tupu, akachora mti wa jamaa, kisha akauliza swali ambalo kwa adabu za pwani ni kama tusi: nani alimzaa nani? Wazee hukunja nyuso. Kuwatenganisha watoto waliolelewa pamoja, huyu wa tumbo hili na yule wa tumbo lile, ni jambo ambalo nyumba nyingi zimejitahidi miaka mingi lisifanyike mbele ya watoto wenyewe. Kuna familia moja ya Kisauni ambamo kijana wa miaka 26 aliijua asili yake siku hiyo, juu ya mkeka wa mtu baki. Mwalimu hakufurahi, na hajaacha kuuliza. Husema ni afadhali aijue Mtongwe, penye watu wa kumshika bega, kuliko mbele ya kamera Chennai. Wapo majirani wanaomlaumu kwa hilo, wakishikilia kwamba siri ya nyumba si ya kuchorwa kwa kalamu. Lakini hao hawajapata kuulizwa wamelipwa kiasi gani.

Liko na swali la pili, ambalo hulihifadhi kwa msindikizaji peke yake, mgonjwa akiwa amekwisha tangulia nje. Akifa huko, mtamzika huko au mtamrudisha? Kumrudisha maiti kunataka cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa mwili usiharibike, kibali cha polisi na barua ya ubalozi, na huchukua siku ambazo Mwislamu hangependa maiti wake azingoje. Kumzika huko kunawezekana, kwani makaburi ya Waislamu yapo na watu wa misikiti husaidia, ila mama yake hatalizuru kaburi hilo kamwe. Hapana jibu sahihi, na Mwalimu hatoi lake. Hutaka tu liwe limezungumzwa na wenye mgonjwa wakiwa wote nyumbani, ili siku hiyo ikifika mtu mmoja asibebeshwe uamuzi kwa simu, saa nane za usiku, na muuguzi amesimama akingoja saini.

Wengi hawajibu papo hapo. Huvaa viatu, wakashukuru, wakateremka kwenda kupanga foleni ya feri. Humpigia simu baadaye, kwa kawaida usiku, kabla ya kulipa nauli.